Mchumba Wangu Alifuta Ombi Langu la Kusoma Kilatini

Admin, ficha jina langu, maana nusu ya kanisa letu wako humu.

Mimi ni dada wa miaka ishirini na sita, Mkongo, naishi Bertrams hapa Johannesburg na mama yangu, fundi cherehani. Kilatini nilikianza sekondari kule Lubumbashi, nikakipenda mpaka wenzangu wakaniita Sista. Tulipohamia huku nikaendelea nacho chuoni, nikaongeza Kigiriki cha kale, huku nasuka watu nywele wikendi. Mwaka huu nikaomba kufanya masta ya masomo hayo. Profesa alisoma insha yangu akasema ananitaka.

Nina mchumba, Mkenya, anafanya kazi ofisi ya udahili ya chuo hichohicho. Wiki ya mwisho ya maombi umeme ulikatika mtaani kwetu. Akaniambia, "Babe, nipe tu password, nitakumalizia hilo ombi nikiwa job. Relax." Nikampa. Mtu ameshaleta mahari kwetu, ningemshuku vipi?

Juzi profesa akanipigia. "Mbona umejiondoa? Nilikuwa nakusubiri." Nilidhani amekosea namba. Kumbe mchumba wangu alilifuta ombi langu, akaniombea kozi ya ualimu! Na mama alijua. Jumapili alisimama kanisani kuomba watu waniombee nafasi ya masta, na mimi nikaitikia amina kwa sauti kuliko wote. Nikiikumbuka ile amina nataka kuvunja kitu.

Nilimfuata mchumba. Hata aibu hakuona. "Si nilikuwa nakusaidia? Hiyo Latin utaongea na nani, maiti? Mwalimu hakosi kazi. Utanishukuru."

Mama naye: "Eish, bwana yako anaona mbali. Ile luga ya bantu balishakufa, ya wafu, itatulipia nyumba? Nyamaza, usituletee haya."

Ninyamaze! Mchumba wangu alisomea alichotaka, hakuna aliyeingia kwenye akaunti yake kumchagulia. Hivi mahari ilinunua na akili yangu?

Sasa sikieni. Profesa anasema chuo kinaweza kunirudisha, ila lazima niandike kabla ya Ijumaa kwamba ombi lilibadilishwa na mtu mwingine, na nimtaje. Nikisema nilikosea mwenyewe, nafasi imekwenda na ufadhili wake. Nikimtaja, atafukuzwa kazi, na kibali chake cha kuishi nchi hii kinategemea hiyo kazi. Jana alikuja analia, "Sema tu uligusa vibaya, please. Mistake tu."

Mimi ndiye nikubali kosa! Nimekasirika sana. Na bado nampenda, hilo ndilo linaniudhi zaidi.

Ndugu zangu, nishaurini. Ila msiniambie nimsamehe, kumsamehe naweza hata mwakani. Ijumaa ni keshokutwa. Jina lake niliandike, au nisiliandike?