Skrini Mpya na Benchi la Wateja

Nina hasira za karibu, sifichi. Nilipotoka Kenya nikapata kazi ya kuchapa katika duka dogo huku Katwe. Skrini yangu ilikuwa ya zamani, ile yenye kichogo kikubwa nyuma. Ilitoa joto na kumetameta mpaka machozi yakanitoka. Lakini mteja aliketi kwenye benchi fupi ubavuni mwangu, akaisoma nikichapa, akanirekebisha papo hapo. Ndivyo tulivyofanya kazi.

Niliyempenda zaidi alikuwa mzee mmoja, mwalimu wa madrasa, ambaye babu zake walitoka pwani. Alikuwa ameandika kwa mkono maisha ya marehemu baba yake. Macho yake yalikuwa yanafifia, na hospitali ya Mulago alishakwenda mara nyingi.

"Mwanangu, namwomba Mungu nikisome mwenyewe kitabu hiki," aliniambia. "Sitaki kusomewa."

Bosi akaleta skrini bapa. Wee, nilivyoringa! Nyembamba, haichomi, haimetameti.

"Maalim, njoo uone maajabu!"

Aliketi benchini, akatazama, akapangusa miwani, akatazama tena.

"Umeshaiwasha?"

"Si hiyo inawaka!" nilimjibu kwa ukali, nikidhani anaidharau.

Akakusanya karatasi zake, akaaga, akaenda. Wiki mbili hakuonekana. Nami nikanuna: na akae huko huko!

Siku moja nikaketi benchini kula mchana. Nilipoinua macho, skrini ilikuwa nyeusi tii. Nikasimama mbele yake, maandishi haya hapa. Nikarudi benchini, giza. Jamani, hizi mpya humwonyesha aliyeketi mbele tu! Yule mzee alikwenda nyumbani akiamini amepofuka, nami nikamfokea juu ya hayo.

Niliacha chakula nikakimbilia kwake. Karatasi alikuwa amezifunga kwa kamba.

"Maalim, nisamehe. Si macho yako, ni skrini!"

Hakuniamini, ila nilimbembeleza mpaka akanifuata. Dukani nikamwachia kiti changu.

"Hiki ni kiti chako cha kazi, mwanangu."

"Keti, Maalim. Tafadhali."

Akaketi. Midomo ikaanza kumcheza, kisha akasoma jina la baba yake kwa sauti. Akalisoma tena. Nililia, sioni haya kusema.

Kurasa zilizobaki nilizichapa nikiwa pale benchini, kibodi mapajani, skrini siioni kabisa. Yeye ndiye aliyenisomea makosa yangu.