Siku Niliyopiga Kelele kwa Mutaliano

Kuna mashine ya kukata nyama ambayo nikiisikia hata leo, katika duka lolote lenye vioo na baridi, mwili unanisisimka. Inavuma, inaguna, kisha inanyamaza, na kipande chembamba cha nyama ya rangi ya waridi kinaangukia kwenye karatasi. Wenzangu hudondokwa mate. Mimi huangalia kwanza nani amesimama nyuma yangu.

Mashine hiyo niliijua Likasi nikiwa na miaka minane, enzi zile nchi ikiitwa Zaire na jimbo letu Shaba. Ilikuwa ya Mutaliano mmoja, Musyu Bruno, aliyeuza mikate iliyopasuliwa katikati na kujazwa nyama hiyo, vitunguu na pilipili. Jumamosi, watu wakishamaliza salongo, ile kazi ya lazima ya kufagia barabara na kufyeka majani, nusu ya mji ilijipanga mlangoni pake. Baba yangu, fundi wa tanuri kwenye kiwanda cha shaba, hakukosa hata Jumamosi moja, na kila mara alituletea mkate mmoja wa kugawana.

Nkambo, mama yake baba, aliyehamia kwetu kutoka Kapolowe, hakuugusa. Alinivuta pembeni akaninong'oneza:

"Weye usikule ile nyama. Ulisha kuona ngombe ya namna ile? Ni ya bantu. Batumbula banakamata muntu, banamulisha mpaka anasahabu jina yake, anaota manyoya sawa nguruwe. Kiisha bazungu banamukata."

Ndugu msomaji, usicheke. Kwetu kila mtu alijua habari za batumbula, wateka watu wa usiku, na kila nyumba ilikuwa na shangazi aliyeponea chupuchupu. Lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Nilianza kumchunguza baba. Alipolala mchana nilikagua manyoya ya mikononi mwake. Asubuhi nilimuuliza jina lake. Alinijibu huku akinishangaa, nami nikatulia mpaka kesho yake. Siku mama aliposema baba amenenepa, sikula kitu.

Kisha Jumamosi moja baba akanichukua. Dukani kulinuka siki na chachu. Nyuma ya meza ya Musyu Bruno palikuwa na mlango uliofunikwa kwa pazia la kitenge. Nilikuwa nimekwisha kuwaona wanaume watatu wakipita pale, na hakuna aliyetoka. Baba akaniketisha juu ya kreti ya limonadi, akanipa mkate, akasema, "Ngoja hapa, narudia sasa hivi." Akapita pazia naye.

Mkate niliushika tu. Karibu yangu aliketi bwana mmoja mwenye abakosti safi, ile suti isiyovaliwa na tai, na beji ya chama tawala kifuani, akila polepole.

"Mutoto, unaogopa nini?"

"Papa aliingia kule. Habatoki."

"Biko bangapi?"

"Bane na papa."

Akafuta midomo, akatabasamu. "Basi muite. Muite kwa nguvu, atakusikia."

Nilipiga kelele ambayo sijapata kuirudia. "Batumbula! Banakula papa! Batumbula!" Foleni nzima ikamiminika ndani. Wanawake waliotoka salongo, majembe mkononi, walilirarua pazia lile kwa mvuto mmoja. Ndani, juu ya magunia ya unga, waliketi baba na wenzake watatu, wazima kabisa, na karatasi katikati yao. Ilikuwa barua ya wafanyakazi, yenye majina yao chini, kulalamikia unga wa posho ulioletwa umejaa wadudu. Ndiyo siri ya zile Jumamosi zote.

Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Musyu Bruno mwenyewe alicheka. Bwana mwenye beji peke yake hakucheka. Aliingia, akaichukua karatasi mbele ya baba, akayasoma majina moja baada ya jingine, akaikunja, akaitia mfukoni. Kisha akarudi kumalizia mkate wake.

Nyumbani mama aliniangalia akasema, "Ona kinywa yako vile imefanya." Baba akamkatiza: "Muache mutoto. Alinitafuta tu." Lakini neno la mama ndilo lililoniingia.

Jumanne, saa sita mchana, jipi ilisimama mbele ya nyumba yetu katika kambi ya wafanyakazi. Baba alikuwa anakula bukari, ugali wetu. Alinawa mikono, akavaa shati, akatembea katikati ya wanaume wawili nisiowajua. Majirani wote walikuwa milangoni, kila mmoja ghafla ana kitu cha kuokota chini. Baba aligeuka akanitazama. Nilibana kinywa changu kwa mikono miwili.

Alirudi baada ya majuma matano, amekonda, hana kazi tena. Tulihamia mtaa wa Kikula, akajenga kwa matofali aliyoyafyatua mwenyewe, akaishi miaka mingi. Hadithi ya kelele zangu aliwasimulia wageni wote, akicheka mpaka kikohozi: "Huyu ndiye aliyetaka kuniokoa!"

Nilikuwa mtu mzima nilipoelewa kwamba nkambo hakukosea sana, watu walikuwa wanaliwa kweli, na mchana kweupe. Aibu ya Jumamosi ile imekwisha zamani. Kelele za Jumanne, nilizozimeza, sikuwahi kumwambia baba habari zake, na sasa hayupo wa kuambiwa.