Mwanasesere wa Kilo Tano

Mtaani walimwita Mama Mwanasesere, na jina lilimkaa. Alikuwa mkunga miaka ishirini na miwili. Sasa hospitali ilimtuma kwenye nyumba ambamo mtoto mchanga alilazwa mzima asiamke, akaulize alilalaje. Daktari hupima mwili, lakini kitanda hakiingii maabara. Basi alishona mwanasesere wa kitambaa, akamjaza mchele hadi akafika kilo tano, na kila akitoka naye alimfunika kichwa asipate vumbi. Watu walicheka. Wacheke tu.

Asubuhi hiyo alifika kwa binti wa miaka kumi na tisa, ambaye maziwa yalikuwa bado yanamlowesha kifuani. Siku ya nne hiyo hajala, ameshajihukumu kwamba alimlalia mwanawe. Mama mkwe wake alikaa naye bega kwa bega, akimbembeleza aonje japo kijiko kimoja.

"Mwanangu, sikuja kukukamata," Mama Mwanasesere akamwambia. "Mlaze huyu kama ulivyomlaza yule."

Binti akampokea. Akamlaza chali kwenye kitanda kidogo, peke yake. Kitanda chake mwenyewe kilikuwa hatua tatu pembeni.

"Sasa ungemlaliaje, na yeye alikuwa huku?"

"Sijui, mama. Lakini chumbani nilikuwa mimi."

Mama Mwanasesere akainama kuandika. Alipoinua macho, mama mkwe alikuwa amesogea kitandani. Alimgeuza mwanasesere kifudifudi, akamvutia blanketi hadi masikioni, akampigapiga mgongoni, kama alivyowalaza wanawe wote saba. Mkono ulijiendea wenyewe. Kisha ukasimama.

"Alfajiri ile niliingia," akasema polepole. "Nilimgeuza. Niliogopa asije akapaliwa."

Mama Mwanasesere roho ikamuuma, maana hata yeye, miaka yake ya mwanzo, aliwafundisha wazazi hivyo hivyo. Akawaambia ukweli bila kuuzungusha: binti hakumlalia mtoto. Kulala kifudifudi huongeza hatari, ila kama ndiko kulikomwondoa huyu, hakuna awezaye kuapa.

Mama mkwe akainamisha kichwa, akisubiri kufukuzwa.

Binti akainuka. Akamgeuza mwanasesere chali, akalishusha blanketi hadi kifuani. Kisha akaushika ule mkono wa mkwewe uliobaki hewani.

"Mama," akasema, "na wewe hujala siku nne. Leo nitakula, lakini tule wote."