Yatima wa Klipu Yangu

Profesa alituagiza tutengeneze klipu ya wimbo kuhusu mji wetu wa Kindu wakati wa vita. Wenzangu wakaenda kuwauliza wazazi wao. Niliwacheka. Mimi, bingwa wa intaneti, nilichimbua kwenye simu picha ya mtoto mchanga akilia peke yake ndani ya beseni. Nikaandika chini yake, "Yatima wa vita," nikaweka na kinanda cha huzuni.

Siku ya kuonyesha klipu, ukumbini watu walitoa leso kufuta machozi. Hata mimi nililizwa na ufundi wangu.

Ndipo mama yangu, niliyemwalika kwa majivuno, akasimama mbele ya profesa, akaninyooshea kidole.

"Uyu yatima njo weye! Muzungu wa foto alipita nikikuogesha, akakupiga picha, ulikuwa unalia sababu ya sabuni. Na miye, nilikufa lini?"