Kanzu ya Mzee Shehoza na Fremu Yangu ya Aluminiamu

Chekeni tu, aibu yenyewe nimeshaizoea, ingawa mpaka leo nikipita Soni siku ya Idi huwa naivuta kofia ishuke machoni.

Miaka ile tunahamia vijiji vya ujamaa nilikuwa na baiskeli niliyoachiwa na mzungu mmoja wa kilimo alipokuwa anarudi kwao, fremu yake aluminiamu, nyepesi unainyanyua kwa mkono mmoja, ila rangi imebambuka ovyo. Na nilikuwa nimepeleka posa kwa Mzee Shehoza, babake Mwanaidi, na mzee hajasema ndiyo wala hapana (mimi huku usingizi sina). Nikaona Idi hii anione mtu wa maana, basi nikaikwangua rangi yote, nikaisugua fremu kwa majivu na mchanga laini mpaka ikang'aa, nikaipaka mafuta ya nazi isichakae, na keria nikaing'oa, eti inaziba uzuri.

Sasa aluminiamu ukiisugua hutoa weusi, lazima uioshe kwa sabuni ndipo uipake mafuta. Kila aliyewahi kuosha sufuria analijua hilo, lakini mimi sufuria nilizijulia mezani tu.

Asubuhi ya Idi nikamkuta mzee njiani anateremka kwenda kuswali, kanzu nyeupe pee.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Baiskeli inawaka hiyo."

"Panda baba, nikufikishe."

"Nipande wapi, na keria huna?"

Ningenyamaza hapo yangeisha, lakini nikamwambia akae kwenye bomba la mbele, na mzee wa watu, kwa kunistahi, akakaa upande kama bibi harusi, tukateremka hadi uwanjani watu wanatutazama, mimi kifua mbele.

Akaenda safu ya kwanza, mimi nikasimama nyuma yake. Tulipokwenda rukuu nikauona: mstari mweusi, mpana, umekata makalio ya ile kanzu toka upande hadi upande. Safu yetu nzima mabega yakaanza kutikisika, mmoja akakohoa kikohozi cha uongo, na swala yangu siku hiyo Mungu ndiye anayeijua.

Baada ya hotuba wenzake wakamnong'oneza. Akajipapasa nyuma, akautazama mkono, akanitazama mimi, nikatamani ardhi inimeze.

"Utaifua wewe," akasema mbele ya wote, "mtoni, kwa mkono wako. Posa tutazungumza ukiirudisha."

Nikafua katikati ya wanawake, sabuni, ndimu, jua, wao wanacheka mpaka wanakaa chini, na Mwanaidi yumo. Ule mstari ukafifia, ukagoma kuondoka. Nikairudisha hivyo hivyo, moyoni nimeshamkosa.

Mzee akaikunjua. "Imetoka?"

"Haijatoka, baba."

"Ungeniambia imetoka ningekufukuza. Lete wazee wako."

Wiki hiyohiyo fremu nikaipaka rangi ya kijani ya milango, nikarudisha keria, na tangu hapo mkwe wangu akitaka kwenda mahali tunatembea.