Mpira wa Bahati wa Walikale

Siku yangu ya kwanza katika atelye, karakana ya mbao ya misioni ya Masisi, miaka ile iliyofuata vita ya Wazungu, nilidhani nitachonga mabenchi. Furere mkubwa, mtawa msimamizi wa atelye, akanipa kipande cha parasolie, mti mwepesi wa msituni.

"Punguza mpaka mkono usisikie uzito."

Nilipunguza mpaka kikavunjika. Akacheka sana. "Sasa umejua mwisho. Simama kidogo kabla ya mwisho."

Hivyo ndivyo nilivyoanza kutengeneza ndege ndogo za mashindano. Tulizirusha ndani ya nyumba, kwa sababu upepo wa milimani ungezivunja mara moja. Mabawa tuliyavika karatasi nyembamba kwa gundi ya muhogo. Nguvu ilitoka kwenye utepe wa mpira uliopakwa mafuta ya mbarika: unausokota, ukiuachilia unazungusha elisi, ile panga ya mbele. Ndege iliyokaa juu muda mrefu kuliko zote ndiyo iliyoshinda.

Tulikwenda kushindana Walikale, katika depo, ghala kubwa la kahawa. Directeur wetu, mkuu wa misioni, alikuwa amesema wazi: "Mukishindwa, atelye inarudilia mabenchi tu."

Bahati, fundi wa Walikale, alirusha wa kwanza. Ndege yake ilikaa juu hata wamama wakaanza kuimba. Zamu yangu ikafika. Nilisokota, nikasokota, mpira ukakatika! Ule wa akiba ulikuwa umeoza kwa unyevu wa njiani. Nikakaa chini.

Bahati akaja na mpira wake. "Kamata huu, kaka."

"Na nikikushinda?"

"Mimi sikuamuka asubui juu ya kushinda muntu mwenye hana mupira."

Milango ikafungwa. Ndege yangu ikapanda polepole, ikazunguka, ikagusa boriti, ikajinyoosha tena. Watu walisahau kupumua.

Furere wa Walikale akanong'ona kwa hasira: "Bahati, umetuuzisha!"

"Ngoja, Furere," Bahati akajibu, macho juu, akitabasamu kama mtoto. "Angalia. Ingali inaruka!"

Nilishinda kwa tofauti ndogo sana. Bahati ndiye aliyenibeba mabegani. Atelye ikabaki na ndege zake, na baadaye directeur akanihamishia Walikale kufundisha pamoja naye, mpaka pensheni.

Vijana huniuliza ndege zile zilibeba watu wangapi. Hata mmoja. Lakini mimi zilinitoa Masisi, zikanishusha mlangoni kwa Bahati, na dada yake ndiye aliyefungua. Sasa hivi ananiita nikale.