Kamba ya Bata wa Mbao

Mwaka wa 1965, nikiwa na miaka kumi na tisa, ndipo shida ilianza kwetu. Ng'ombe wa baba waliishia upande wa Sericho, wengine kwa kiu, wengine kwa vita, na baba mwenyewe hakukawia kuwafuata. Mimi, mama na dada zangu wawili tukaletwa kuishi kwenye kambi yenye ua wa miiba, karibu na mji wa Isiolo. Kutoka, lazima uwe na barua. Bila barua wewe ni shifta, mwasi wa porini, na hakuna wa kukuuliza mara mbili.

Nakwambia haya, mwanangu, nikiwa nimechoka. Shule nilisoma miaka miwili tu, na hata hiyo nilikuwa naangalia mbuzi dirishani. Ninachokijua nimefundishwa na ngozi yangu. Hili moja, lakini, nilifundishwa na ngozi ya mtu mwingine, ndiyo maana haliniachi.

Barua niliipata kwa sababu ya bata. Kulikuwa na Mzungu mmoja, daktari wa mifugo aliyestaafu, tukimwita Bwana tu. Alikuwa na leseni ya bunduki na ugonjwa wa kupenda bata. Mvua ikinyesha na bwawa la mifugo nje ya mji likijaa, bata wanakuja kutoka huko wanakotoka. Bata wa porini ni mwoga, hatui mahali asipoona wenzake. Kwa hiyo unamchongea wenzake wa mbao, unawapaka rangi, unawafunga kila mmoja kamba yenye jiwe mwishoni, unawaweka majini. Yule wa juu akiwaona wametulia, anashuka. Bwana anapiga.

Mchongaji alikuwa Mzee Ekai, Mturkana, aliyekuwa na Bwana tangu nywele zake zikiwa nyeusi. Sikio lake la kulia lilikuwa limekufa kwa mlio wa bunduki, na la kushoto lilikuwa njiani kulifuata. Ni yeye aliyemwomba Bwana aniandikie barua ya kazi, ili niweze kutoka kambini na kumpelekea mama unga.

"Wewe Mborana unajua ng'ombe tu," alikuwa akinitania. "Huyu bata usije ukamkamua."

"Na wewe Mturkana usije ukamchoma kabla rangi haijakauka."

Hapo anacheka mpaka anakohoa.

Sasa nakumbuka siku moja, mvua za Novemba zimeanza, kamba zote za zamani zimeoza. Mzee alikuwa amelala na homa. Akaniita.

"Guyo, nenda dukani. Utaona kamba za aina tatu. Ya katani usilete, inavimba na kuoza. Ile ya kung'aa usilete. Leta ya pamba, nyeusi, imepakwa lami. Inanuka na ni mbaya kwa macho, lakini fundo lake halirudi nyuma. Kabla hujatoka dukani ilowanishe, funga fundo, vuta."

Nikasema ndiyo, ndiyo, kama mtu anayejua.

Dukani ile ya pamba ilikuwa imetupwa chini kama utumbo wa mbuzi. Ile ya nailoni ilikuwa imening'inizwa juu, inang'aa, na mwenye duka akanionyesha maajabu yake: alifunga uzi mmoja mwembamba kwenye gunia la sukari, akaliinua, haukukatika. Mimi niliyekuwa nimezoea kamba za ngozi nilibaki mdomo wazi. Nikajiambia, huyu mzee ni wa zamani, hajui vitu vipya. Nikabeba nailoni. Maji sikuomba, wala fundo sikulifunga.

Njiani woga ukaanza kunishika. Mzee akiiona atajua sikumsikia, Bwana akisikia atanifukuza, na barua itakwenda na kazi. Basi unajua nilifanya nini? Nilichukua masizi ya sufuria, nikachanganya na mafuta ya kondoo, nikaipaka ile nailoni yote mpaka ikawa nyeusi kama ya lami. Nikafunga bata kumi na wawili peke yangu. Mzee aliinua kichwa kitandani akaona kitu cheusi, akasema, "Vizuri," akarudi kulala. Lile neno moja bado nalisikia.

Kesho yake asubuhi Mzee alijikokota akaja nasi bwawani. Niliwapanga bata majini na kwa muda walikaa vizuri. Kisha upepo ukaamka. Bata mmoja akageuka, akaanza kwenda. Wa pili akamfuata, na wa tatu. Jiwe na kamba vilibaki chini na bata akaondoka, kwa sababu nailoni iliyopakwa mafuta haishiki fundo. Haikukatika, kumbuka. Mpaka leo haijakatika.

Wakavuka bwawa mpaka ng'ambo, kwenye mawe yaliyopakwa chokaa. Mpaka tuliowekewa na serikali ulikuwa hapo. Kupita yale mawe kulikatazwa na kila mtu alijua.

Bwana alikasirika, uso ukawa kama pilipili. "Wewe nafunga kamba, wewe nakwenda kuleta!"

Nikaanza kuvua viatu. Mzee Ekai akanishika bega.

"Kaa. Mborana kijana akionekana ng'ambo ile, hata barua haitasomwa. Mimi ni mzee, wananijua."

"Mzee, una homa."

"Homa hainioni mimi nikiwa majini," akasema, akanikonyeza.

Nilikuwa na nafasi ya kusema. Ningesema tu: waache, Mzee, kosa ni langu, ile si kamba uliyoniagiza. Nikanyamaza. Niliona barua kuliko nilivyomwona yeye.

Akaingia, maji yakamfika kifuani, akatokea ng'ambo, akainama kuokota bata wa kwanza. Askari wa doria wakatokea kwenye vichaka, wakapiga kelele asimame. Mara mbili, mara tatu. Hakusikia. Bwana alipiga kelele, nami nikapiga kelele, na yeye anaokota bata wa pili kama mtu anayeokota mayai. Risasi moja ikalia.

Hawakumuua, Mungu asifiwe. Ilichukua vidole vitatu vya mkono wa kulia, mkono wa kuchonga.

Nilikwenda kumwona hospitalini, mkono umefungwa kama kichwa cha mtoto. Akaniambia nimpe kipande cha ile kamba. Akakinusa.

"Hii ni masizi."

"Ndiyo, Mzee."

"Na mafuta."

"Ndiyo, Mzee."

Hakunitukana. "Ungeniambia juzi," akasema, "ningekutukana mpaka saa sita. Halafu tungefunga upya." Akageukia ukutani.

Kwa Bwana alisema kamba ilikuwa mbovu, basi. Barua yangu ikabaki. Miaka yote iliyofuata alinikalisha mbele yake, akaniambia shika hapa, kata pale, nami nikachonga. Hivyo ndivyo nilivyopata kazi ya mikono yangu, kwa mikono yake.

Mwanangu, sikia sasa. Kitu kinachokwenda majini kichague kikiwa kimelowa. Usichague kwa macho yako. Macho yako hayatalala bwawani, kamba ndiyo italala. Iwe ni kamba, iwe ni mke, iwe ni rafiki wa kuchunga naye. Na ukishachagua vibaya, sema siku hiyo hiyo, ukiwa bado nchi kavu. Kununua vibaya kungesameheka kabla ya chakula cha mchana. Masizi ndiyo yaliyomkata mzee vidole.

Mungu akupe mvua kwa wakati wake, akupe mtu wa kukutukana mapema, na akupe sikio la kumsikia.

Leo nina nyumba ya mawe ya vyumba vinne. Nina duka la kamba na vifaa vya mifugo hapa Isiolo, na ndoo ya maji iko mlangoni kwa anayetaka kujaribu. Nina ngamia sita, na mbuzi, ambao sisi hatuwahesabu kwa mdomo. Nina watoto saba, wote wamesoma kunishinda. Na nina bata mmoja wa mbao, wa Mzee Ekai, mwenye kamba nyeusi ya pamba. Fundo lake halijawahi kufunguka.